Mambo ya kuzingatia kabla ya kutegemea huduma ya kuchajiwa gari la umeme njiani, Mbeya

Huduma ya kuchajiwa gari pale lilipo, iwe ni kwa gari dogo lililobeba betri au kwa jenereta, ni ya kumfikisha mtu anakokwenda, si ya kujaza betri. Mwenye gari la umeme jijini Mbeya anapaswa kulifahamu hilo kabla hajahifadhi namba ya mtoa huduma kwenye simu yake, kwa sababu maandalizi mengi yako upande wake mwenyewe.

Aanze na tundu la kuchajia. Magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani, kama Nissan Leaf, kwa kawaida huwa na tundu la CHAdeMO la chaji ya haraka na jingine dogo la Type 1 la chaji ya kawaida. Ya Ulaya hutumia CCS2 na Type 2, na yaliyotengenezwa kwa soko la China huja na GB/T. Mtoa huduma mwenye waya wa aina moja hawezi kuwahudumia wote. Ni heri kumtumia picha ya tundu mapema, gari likiwa nyumbani mchana, kuliko kuhangaika kumwelezea usiku ukiwa umekwama Mlima Nyoka.

Aulize pia ni uniti ngapi za umeme (kilowati-saa) zitakazoingia kwa saa. Leaf za mwanzo nyingi hupokea kilowati 3.3 tu kupitia tundu dogo, kwa hiyo hata mashine yenye uwezo wa kilowati 7 itaziingizia takriban uniti tatu kwa saa nzima, na gari dogo hutumia kama uniti 15 kwa kilomita 100 za tambarare. Uniti hizo tatu ni kilomita 20 hivi.

Lakini Mbeya si tambarare, na hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Gari la tani moja na nusu hutumia takriban uniti mbili za ziada kwa kila mita 500 linazopanda kwenda juu. Chaji inayotosha kumtoa mtu Mwanjelwa hadi Mbalizi huenda isimvushe anayetoka Uyole kupandisha Isyonje kuelekea Tukuyu, ingawa akishafika kileleni mteremko utamrudishia sehemu ya umeme huo. Kwa hiyo mtoa huduma aelezwe safari inaelekea wapi, si mahali gari liliposimama tu. Jenereta nayo ina mipaka yake: katika mwinuko wa jiji letu, wa takriban mita 1,700, injini isiyo na turbo hupoteza zaidi ya sehemu ya kumi ya nguvu zake, hivyo uwezo ulioandikwa kwenye kibati chake usichukuliwe kama ulivyo.

Kabla ya kumwita mtu yeyote, ichunguzwe betri ndogo ya volti 12. Ikiwa rimoti haifungui milango na dashibodi haiwaki kabisa, ilhali jana betri kubwa ilikuwa na zaidi ya nusu, kinachohitajika ni kubusti hiyo ndogo. Hali hii hutokea zaidi katika asubuhi za baridi kali za Juni na Julai, hasa betri ikiwa imechoka.

Bei ikubaliwe kabla gari la huduma halijaondoka: nauli ya kufika, na malipo ya umeme kwa uniti zinazosomeka kwenye mita, si kwa makadirio. Kuchaji kusifanyike pembezoni mwa barabara kuu ya Tunduma, ambako malori hupita usiku kucha. Gari likiweza kusogea, liingizwe kwenye uwanja ulio wazi, na pembetatu za tahadhari ziwekwe. Mvua ikinyesha, viunganishi visilale kwenye maji. Gari lililogongwa au kuingia mafuriko lisichajiwe kabisa hadi fundi alikague.

Hatimaye, iwepo namba ya mwenye lori la kubeba magari. Magari mengi ya umeme hayafai kuvutwa kwa kamba magurudumu yanayoendeshwa na mota yakiwa chini, kwani mota huendelea kuzalisha umeme na inaweza kuharibika.