Kukopesha dukani wiki mtandao umezimwa

Kiduka changu kipo Mwanga, Kigoma. Mtandao ulipozimwa nchi nzima tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, nilikuwa na sukari kilo nane na foleni ya watu wanaosema "andika". Ulianza kurudi tarehe 3 Novemba. Kukataa huwezi, hao ndio wanaokuchotea maji ukiugua. Basi kopesha, ila kwa mpango.

Kwanza tenga bidhaa. Huku za karibu: chumvi ya Uvinza, mawese, unga wa muhogo, dagaa. Kule za mbali: sukari, ngano, sabuni ya unga. Daftari ni la za karibu tu. Mawese yakiisha unatembea sokoni. Sukari ikiisha na mtu wa jumla humpati WhatsApp, unabaki unatazama barabara. Siku ya kwanza nilimkopesha shemeji kilo mbili za sukari. Wiki nzima nilikunywa chai kavu.

Dagaa usiwaahidi ovyo. Huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka hawaifuati taa. Mwezi ulipevuka tarehe 5 Novemba, kwa hiyo mwaloni Kibirizi, wanakoshushwa, wangepungua hata bila uchaguzi.

Mawese ndiyo yenye ugomvi. Asubuhi ya baridi huganda nusu, ukiyachota hivyo chupa inabaki na mapengo ndani, na anayekopa huona kuliko anayelipa. Tumbukiza kidumu kwenye karai la maji ya moto, subiri yalainike, mimina polepole, acha povu litulie, ongeza mpaka shingoni. Mwenyewe aone.

Kisha kuandika. Mimi niliandika "mama mtoto, mafuta, 2,000". Mwanga nzima ni mama mtoto! Wawili waliapa si wao, na sikuwa na la kujibu. Andika jina, nyumba, kitu, kipimo, ndipo pesa. Msomee kwa sauti ya chini, si mbele ya foleni. Foleni ikianza habari za kura, waombe wakuache umalize hesabu.

Weka kikomo. Changu ni 5,000 kwa nyumba. Bibi wa nyumba ya pili alipokifikia alirudi na mihogo mibichi nusu kiroba, akaitua mlangoni.

"Mwanangu, kata humo."

Nikachukua kalamu, nikakata.