Kabla Hujawasha Data: Maandalizi ya Anayeanza Kutumia Intaneti Dar es Salaam

Usiku wa mwisho wa kutuma maombi ya kazi au ya mkopo wa chuo, kauli ni ileile kuanzia Mbagala hadi Bunju: mtandao unasumbua. Mara nyingi mtandao hauna kosa. Simu imejaa, au picha ya cheti ina MB 8 wakati fomu inapokea isiyozidi MB 2, au neno la siri la barua pepe alilitunga kijana wa stesheneri na mwenye barua pepe hakuwahi kuliandika mahali. Yote haya yanamalizika mchana, siku kadhaa kabla. Ndiyo maana tunasisitiza maandalizi kuliko ufundi.

Kwanza ujue unachokiingia. Intaneti ni kompyuta, simu na mitambo ya dunia nzima iliyounganishwa na kukubaliana namna moja ya kupeana data. Makubaliano hayo, TCP/IP, yalianza kutumika rasmi tarehe 1 Januari 1983. Wavuti ulikuja baadaye: Tim Berners-Lee aliupendekeza mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichopo Uswisi, na mwaka 1993 CERN ikauachia watu wote bila malipo. Wavuti ni kurasa unazofungua kwa kivinjari kama Chrome. WhatsApp inapita kwenye intaneti, lakini programu yake ya simu haihitaji kivinjari. Tofauti hii ina kazi: WhatsApp ikiwa inatuma na kupokea huku ukurasa fulani umegoma, data yako ni nzima. Tatizo litafute kwenye kivinjari au kwenye tovuti yenyewe, wala usikimbilie kununua bando jipya.

Data hutoka kwenye simu hadi mnarani, kutoka mnarani huingia kwenye mkongo wa ardhini, yaani kebo ya data, na ikiwa unachokitafuta kiko nje ya nchi huvuka baharini kwa mikongo inayoishia hapa Dar es Salaam, kama SEACOM tangu 2009 na EASSy tangu 2010. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo hiyo miwili ilipata hitilafu kwa pamoja na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika. Siku kama hiyo hakuna unachoweza kurekebisha kwenye simu. Tovuti ambazo seva zake (kompyuta zinazohifadhi kurasa) ziko hapa nchini zinaweza kuendelea kufunguka, na kampuni yenye njia mbadala inaweza kuwa na nafuu. Jaribu kwanza kwa simu ya jirani mwenye laini ya kampuni nyingine kabla ya kutoa hela yako.

Laini ndiyo maandalizi ya kwanza, na hapa watu wengi hulegea. Isajiliwe kwa namba yako ya NIDA na alama zako za vidole, si kwa jina la shemeji au la rafiki aliyekuwa karibu siku hiyo. Siku laini ikipotea, atakayetakiwa kuweka kidole ni yule mwenye jina, na kama yuko Kigoma au mmegombana, pesa na akaunti zote zilizofungwa kwenye namba hiyo zinabaki hewani. Ukisajili kwa wakala wa mwavuli barabarani, uwe macho anapokwambia kidole hakijasoma, rudia tena. Inawezekana kweli hakijasoma, lakini pia kwa njia hiyo laini nyingine husajiliwa kwa jina lako bila wewe kujua. Ukitoka hapo piga *106# uhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukiona usiyoitambua, nenda duka la kampuni husika ukaikane.

Weka pia namba ya siri kwenye laini yenyewe, mbali na ile ya kufungulia simu. Bila hiyo, mwizi huchomoa laini, huiweka kwenye simu nyingine na kupokea kodi zako zote, yaani zile namba za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe. Kumbuka tu kwamba ukikosea mara 3 laini hujifunga na kuomba PUK, namba ya kuifungulia yenye tarakimu 8, na PUK ikikosewa mara 10 laini imekufa. Kile kiplastiki kilichobeba laini siku unanunua usikitupe; mara nyingi PUK imeandikwa humo.

Simu nayo ina yake. Ukienda Kariakoo, mtaa wa Aggrey na jirani zake, usilipe kabla ya kupiga *#06# na kulinganisha IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, inayotokea kwenye kioo na ile iliyo kwenye boksi, kisha uitume kwa ujumbe kwenda 15090 uone kama jibu linataja aina ileile ya simu. Tangu Juni 2016 simu zenye IMEI bandia huzimwa nchini, na muuzaji hatakuwepo siku hiyo. Kwenye nafasi, GB 32 zinaonekana nyingi, ila mfumo wa simu wenyewe unachukua sehemu kubwa na video za magrupu ya WhatsApp zinamaliza zilizobaki. Kama bajeti inaruhusu, chukua GB 64 na RAM (kumbukumbu ya kuendeshea programu) ya GB 4. Kamera isikushawishi kupunguza hapo.

Angalia tarehe na saa. Simu iliyokaa bila chaji huweza kurudi miaka kadhaa nyuma, na kivinjari kikaanza kukuonya kwamba tovuti si salama, hata ya benki yako. Sababu ni kwamba tovuti huthibitisha utambulisho wake kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Simu inayodhani tuko 2015 inakiona cheti hicho hakijaanza kutumika. Ruhusu simu ichukue saa kutoka kwenye mtandao, na tatizo linaondoka.

Sasa bando. Ujumbe wa maandishi hula kidogo mno, na saa nzima ya kupiga simu ya sauti kwa WhatsApp hula kati ya MB 20 na 40 hivi. Video ndiyo mlaji. Saa moja ya video ya kiwango cha 480p hula karibu MB 500 hadi 700, na ukiiacha programu ijichagulie 1080p unaweza kupoteza zaidi ya GB 1.5 kwa saa hiyohiyo. Kwa hiyo bando la GB 1 linaweza kumtosha mtu wa ujumbe na kurasa siku kadhaa, na likamwisha mpenzi wa video kabla ya taarifa ya habari. Fungua Mipangilio, washa Kiokoa Data; kisha kwenye WhatsApp zima upakuaji wa moja kwa moja wa picha na video; kisha kwenye Play Store ruhusu masasisho kupitia Wi-Fi tu. Hatua hizi tatu ziko kwenye menyu tofauti na kila moja inafanya kazi yake, usifanye moja ukaacha mbili. Ukishanunua bando, usiache salio kubwa la kawaida likielea, kwa sababu bando likiisha katikati ya matumizi data inaweza kuhamia kwenye salio kwa bei ya juu sana.

Anayeuza intaneti ya nyumbani atakutajia Mbps. Hizo ni megabiti kwa sekunde, na faili unazopakua hupimwa kwa baiti, ambayo ni biti 8. Kifurushi cha 10 Mbps kikiwa katika ubora wake hupakua MB 1.25 kwa sekunde, nacho kinatosha familia ya kawaida. Muulize pia kama "bila kikomo" ina kiwango ambacho ukikipita kasi inashushwa.

Umeme ukikatika, ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti nyumbani, huzima hata kama mkongo uko hai. Vipo vibetri vidogo vya kuishikilia ruta kwa saa chache, ila soma kwanza maandishi ya adapta yake: nyingi ni 12V, baadhi 9V, na kuilisha 12V ruta ya 9V kunaweza kuiunguza. Mwenye faiba mara nyingi ana visanduku viwili ukutani, na vyote vinahitaji umeme. Kwa pawabenki, usihesabu kama ilivyoandikwa. Ile ya mAh 10,000 haiijazi simu ya mAh 5,000 mara mbili, kwa kuwa umeme mwingine hupotea katika kupandisha volti na kwa joto. Tarajia zaidi kidogo ya mara moja.

Akaunti ya barua pepe ndiyo funguo ya nyumba nzima, maana ukisahau neno la siri la mahali pengine popote, barua ya kulibadilisha inatumwa huko. Itengeneze mwenyewe, kwenye simu yako, ukiwa umetulia. Neno la siri refu lenye maneno manne yasiyohusiana ni gumu kukisiwa kuliko fupi lenye alama za ajabu. Jina la mtoto na mwaka wake wa kuzaliwa kila ndugu anayajua. Usitumie neno la barua pepe mahali pengine. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, kwenye Google na kwenye WhatsApp. Kwa WhatsApp utaweka namba ya siri ya tarakimu 6 unayoijua wewe tu, na umuhimu wake ni huu: tapeli anayetaka akaunti yako huandika namba yako kwenye simu yake, wewe unapokea kodi kwa ujumbe, halafu "rafiki" ambaye akaunti yake ilishaibwa anakuandikia, "Samahani, nimekosea nikatuma kodi kwako, naomba nisomee." Ukimsomea na huna hatua ya pili, umeshatolewa kwenye akaunti yako, na dakika kumi baadaye wajomba na mashangazi wanaombwa pesa kwa jina lako.

Jifunze kusoma anwani ya tovuti, kwa sababu hakuna kinga nyingine inayokaribia hii. Chukua kila kilicho kabla ya mkwaju (/) wa kwanza baada ya https://, kisha soma kutokea kulia kwenda kushoto. Tovuti za serikali yetu huishia na .go.tz, vyuo .ac.tz, kampuni nyingi .co.tz. Anwani inayosomeka ajira.go.tz, ikifuatiwa na mkwaju au isifuatiwe na kitu, ni ya serikali. Lakini ajira.go.tz.nafasi-mpya.com ni ya mtu aliyesajili nafasi-mpya.com, na hayo maneno ya mbele kayabandika mwenyewe bila kumuomba yeyote ruhusa. Alama ya kufuli inamaanisha tu kwamba mazungumzo kati yako na tovuti hiyo hayasomeki njiani. Tapeli naye anapata kufuli, tena bure. Linki iliyotumwa kwenye grupu yenye ahadi ya GB 50 za sikukuu, iache. Ukitaka matokeo ya mtihani, andika necta.go.tz kwa mkono wako.

Malipo ya serikali yana utaratibu wake: unapewa namba ya malipo yenye tarakimu 12, kwa kawaida ikianza na 99, na kabla ya kuthibitisha linganisha jina la taasisi na kiasi. Anayekuambia ulipie ajira, kiwanja au kibali kwa kutuma pesa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, mkatalie papo hapo. Kampuni za simu nazo zina namba yao ya huduma kwa wateja, 100. Ukipokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", upeleke kwenda 15040 pamoja na namba iliyoutuma. Ni sekunde chache, na zinamwokoa mama wa mtu ambaye kweli alikuwa na hela ya kumtumia mwanawe.

Kwa maombi yenye tarehe ya mwisho, andaa nyaraka siku tatu kabla: vyeti kwa PDF, kila kimoja faili lake, na majina yanayoeleweka kama cheti_kidato4. Soma masharti ya ukubwa kabla ya kupiga picha. Maelezo marefu yaandike kwanza kwenye daftari la simu kisha unakili, kwa sababu fomu nyingi hukutoa ukikaa muda mrefu bila kubonyeza kitu na ulichoandika kinapotea. Ukilazimika kutumia kompyuta ya stesheneri, andika neno la siri mwenyewe, kataa kivinjari kikiuliza kama kihifadhi neno hilo, ukimaliza toka kwenye akaunti, futa vyeti ulivyopakua, na usisahau pipa la taka la kompyuta.

Kitu kikigoma, kagua kwa mpangilio huu. Bando lipo? Washa hali ya ndege kwa sekunde kumi kisha zima, simu ijiunge upya na mnara. Alama juu ya kioo inasoma 4G au imeshuka hadi E, yaani mtandao wa zamani wa polepole? Ikiwa E, toka ndani ya nyumba au sogea dirishani. WhatsApp inapita? Tovuti nyingine inafunguka? Nafasi kwenye simu ipo? Ukifika hapo utakuwa umeshajua kosa liko kwako, kwa kampuni, au kwenye tovuti, na ukipiga 100 utakuwa na la kueleza.

Mwisho ni karatasi, ndiyo, karatasi. Andika IMEI, namba ya NIDA, PUK, na zile kodi za dharura ambazo Google hukupa kwa ajili ya kuingia bila simu. Ikae nyumbani na vyeti vya kuzaliwa. Nyuma ya kava la simu itaondoka na simu. Simu ikiibiwa Kariakoo au kwenye mwendokasi, azima nyingine yenye laini ya kampuni yako, piga 100 wafunge laini na akaunti ya pesa, kisha katoe taarifa polisi ukiwa na IMEI mkononi, ndipo uende duka la kampuni kurudishiwa laini kwa kidole chako.