Somo: Anga la mawingu na mti kwa rangi za akriliki

Kingo za wingu ni laini, nazo hupatikana rangi ikiwa mbichi. Kingo za majani ni kali, zinadai anga lililokauka kabisa. Anayeharibu picha hii mara nyingi amegeuza mpangilio huo: anasugua wingu lililokwisha kushika, kisha anagonga majani juu ya anga bichi na kijani kinageuka tope.

Andaa turubai ya sentimita 30 kwa 40 iliyopakwa jeso (rangi nyeupe ya msingi) mara 2, brashi bapa ya sentimita 2.5, brashi ya nywele ngumu namba 8, brashi nyembamba ya nywele ndefu, kitambaa na chupa ya kunyunyizia maji. Rangi ni nyeupe ya titani, bluu ya ultramarini, kahawia nzito, manjano ya udongo na manjano ya limau. Nyeusi ya tyubu iache. Bluu na kahawia nusu kwa nusu zinatoa weusi wenye uhai zaidi.

Hatua ya 1: anga. Changanya mafungu matatu kabla hujagusa turubai, maana ukianza hutapata muda wa kurudi kwenye paleti. La juu ni bluu 1 kwa nyeupe 2, la kati 1 kwa 4, la chini 1 kwa 8 pamoja na chembe ya manjano ya udongo. Nyunyiza maji turubai iwe na unyevu bila kutiririka. Paka kwa mlalo toka juu, na pale mafungu yanapokutana pitisha brashi huku na huku hadi mpaka upotee. Ukiona rangi inaanza kuvuta brashi, acha.

Hatua ya 2: mawingu. Anza na kivuli: nyeupe, bluu kidogo, kahawia kidogo zaidi. Tumbo la wingu la fungufungu, lile la mabonge, huwa bapa, kwa hiyo lilaze. Kisha chovya ncha ya brashi ngumu kwenye nyeupe, ifute kwenye kitambaa mpaka ibaki rangi kiasi cha kutia vumbi tu, usugue kwa viduara kuanzia upande wa jua. Papo hapo, kwa brashi safi kavu, yeyusha ukingo wa chini uingie kwenye kivuli. Nyeupe tupu iwekee sehemu moja tu ya picha. Kadiri unavyokaribia upeo wa macho, mawingu yawe madogo, membamba na yenye kusongamana.

Hatua ya 3: subiri. Gusa kwa mgongo wa kidole. Ukihisi ubaridi, maji bado yanatoka.

Hatua ya 4: mti. Vuta shina kwenda juu kwa rangi nzito. Leonardo da Vinci aliandika kwamba matawi yote ya kimo kimoja yakikusanywa yanalingana na unene wa shina. Basi shina lisikonde njiani bila kutoa tawi. Vitawi vichore kwa brashi nyembamba na rangi iliyolegezwa kama wino. Majani ya giza (bluu 2, manjano ya udongo 1, kahawia kidogo) gonga kwa brashi ngumu huku ukiizungusha mkononi, na uache matundu. Yakikauka, ongeza kijani cha kati, mwisho chenye limau, upande wa jua tu.

Maswali ya wanachama

*Wingu linakauka kabla sijalilainisha. Nifanye nini?*
Usilisugue likiwa nusu kavu. Rangi itabanduka vipandevipande. Liache likauke, kisha pitisha utando mwembamba wa nyeupe juu ya ukingo mkali. Kicheleweshi, yaani kimiminika cha kuchelewesha rangi kukauka, kinasaidia, ila ukizidisha kipimo cha kwenye chupa rangi hubaki ikinata.

*Nimeziba doa angani na sasa linaonekana jeusi kuliko pembeni.*
Gundi ya akriliki ikiwa mbichi ni nyeupe kama maziwa, ikikauka huwa angavu, ndiyo maana rangi hukolea. Changanya kiraka kikiwa cheupe kidogo kuliko anga, weka tone kwenye karatasi likauke, ndipo ulinganishe.

*Mti wangu unaonekana umebandikwa.*
Hauna matundu. Yafungue kwa rangi ya anga, lakini iwe ya giza kidogo kuliko anga lenyewe. Ukitumia ileile, kila tundu litang'aa kama taa. Yawe ya ukubwa tofauti, na kwenye machache pitisha kitawi katikati.