SOMO: Mwonyeshe mtumiaji saa za eneo kwa jina analolielewa

Wakuu, juzi nilimwekea mama mdogo programu ya kumkumbusha dawa. Ikamtaka achague saa za eneo lake, ikamwagia orodha ndefu: Africa/Abidjan, Africa/Accra, Africa/Addis_Ababa... Akanirudishia simu: "Hebu niandikie wewe, mwanangu." Kosa si lake. Hayo ni majina ya hifadhidata ya IANA, shirika linalotunza orodha ya saa za eneo za dunia, yametungwa kwa ajili ya mashine.

1. Ndani ya mfumo tunza jina hilohilo la IANA, mfano Europe/London. Usitunze "+1", yaani saa moja mbele ya UTC, saa ya dunia ya kulinganishia. London ni +1 kiangazi na 0 wakati wa baridi, kwa hiyo mkutano wa Novemba uliohifadhiwa Septemba kwa +1 utakosewa kwa saa nzima.

2. Usianze na orodha. Kivinjari kinajua tayari. Kwa JavaScript, soma timeZone kutoka Intl.DateTimeFormat().resolvedOptions(), mwonyeshe, kisha mpe nafasi ya kubadilisha.

3. Jina usilitunge. Data ya CLDR, hazina ya majina ya saa na tarehe kwa lugha mbalimbali, ina Kiswahili: humohumo kwenye Intl.DateTimeFormat weka lugha sw na timeZoneName iwe long, Africa/Nairobi itatoka "Saa za Afrika Mashariki". Vifupisho achana navyo. CST ni ya Chicago, ni ya Shanghai, ni ya Havana pia.

4. Kwenye orodha tanguliza mji, kisha jina, kisha saa ya pale sasa hivi:

Dar es Salaam, Saa za Afrika Mashariki, sasa 14:20

Hiyo saa ya sasa ndiyo inayomaliza kazi. Mtu anatazama ukutani, anaona zinalingana, anabonyeza.

MASWALI

– Mkuu, Dar, Nairobi na Kampala saa ni ileile. Si nibakize Nairobi tu?

Kwa mashine ni sawa, maana Africa/Dar_es_Salaam ni kiungo tu cha Africa/Nairobi. Ila Mtanzania akikuta Nairobi kwenye simu yake atadhani kakosea mahali. Bakiza zote.

– Niko Goma, kila programu inanipa Kinshasa.

Wamekuchagulia kwa nchi. Kongo ina saa za eneo za aina mbili: Kinshasa ni UTC+1, Lubumbashi ni UTC+2, na Goma na Bukavu zinafuata Lubumbashi. IANA haina Goma, kwa hiyo mtengenezaji aongeze jedwali lake la miji: mtu akitafuta Goma, apewe Africa/Lubumbashi lakini asomewe "Goma".

– Na saa zetu za Kiswahili je? Bibi yangu akiona 2:20 anajua ni asubuhi.

Ndiyo maana nimeandika 14:20. Ukitaka maneno, "saa nane na dakika ishirini mchana", fanya hesabu ya kuongeza au kupunguza sita wakati wa kuonyesha tu, usiguse kilichohifadhiwa. Kuna kijana alipunguza saa sita kwenye seva, akaona amewasaidia wazee. Dawa ya saa kumi na mbili asubuhi ikawa inalia saa sita usiku.