Namna ninavyompangia mtoto mwaka wa darasa la kwanza nyumbani

Mwaka 2020, nilipoanza kumsomesha kifungua mimba wangu nyumbani hapa Houston, niliandika ratiba ya mwaka mzima kwa wino. Kila somo lilikuwa na tarehe yake, mpaka mwezi wa tano. Nilijiona mwalimu mkuu kabisa. Februari 2021 baridi kali ikaikamata Texas, umeme ukakatika, bomba la jikoni likapasuka, tukawa tunalala watano chumba kimoja na makoti yetu. Tuliporudi kwenye madaftari, ratiba ilikuwa imetutangulia wiki mbili. Nikaanza kumkimbiza mtoto tuifukuzie tarehe, yeye analia, mimi nafoka. Mwezi wa tatu nikaichana.

Sasa kitinda mimba ndiye anaingia darasa la kwanza, wenzake wawili wameshapita humu humu mezani, na utaratibu ninaoufuata ndio huu.

Hatua ya 1: Soma sheria ya jimbo lako mwenyewe

Kumsomesha mtoto nyumbani kunaruhusiwa katika majimbo yote 50 ya Marekani, ila masharti hayafanani hata kidogo. Texas ni wepesi: tangu hukumu ya kesi ya Leeper katika Mahakama ya Juu ya jimbo, mwaka 1994, shule ya nyumbani inahesabiwa kama shule binafsi. Hakuna usajili, hakuna mtihani wa serikali, hakuna idadi ya siku. Unachotakiwa ni kufundisha kweli, si kwa kujifanya, kwa mtaala unaoonekana, na uwemo ndani yake kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Mtoto aliyefika miaka 6 ifikapo Septemba 1 ndiye anayebanwa na sheria ya lazima ya kusoma. Kama alikwisha andikishwa shule ya serikali, mtoe kwa barua, na nakala ubaki nayo. Usimwache tu aache kwenda, maana hapo utapigiwa simu za utoro.

Ukiwa Pennsylvania unapeleka hati ya kiapo na unatimiza siku 180 au, kwa shule ya msingi, saa 900. New York wanataka mpango wa masomo mwanzoni na taarifa kila robo mwaka. Kwa hiyo shoga yako wa Texas akikwambia "wala usihangaike na makaratasi", muulize kwanza anaongelea jimbo gani.

Hatua ya 2: Mpime mtoto kabla hujanunua kitu

Wiki moja ya Julai, kwa mchezo. Mpe kitabu uone anakishika vipi. Mwambie ahesabu maharage mpaka atakaposhindwa. Mwambie aandike jina lake, na umtazame anavyoshika penseli. Andika ulichokiona kwenye karatasi moja, basi. Mwaka wa kwanza nilinunua seti nzima ya vitabu kwa bei ninayoona aibu kuitaja, na robo yake mtoto alikuwa anaijua tayari.

Hatua ya 3: Hesabu wiki, siyo siku

Mwaka una wiki 52. Mimi nachukua 36 za kusoma, nazigawa mafungu sita ya wiki sita sita, na kati ya fungu na fungu tunapumzika walau wiki moja. Kwa 2026/27 kalenda yangu inakaa hivi: tunaanza Agosti 10, wakati jua la Houston halikuruhusu kukaa nje hata ukitaka, na tunamaliza Juni 11. Humo ndani nimeacha wiki ya Thanksgiving, maana wifi zangu wanakuja na watoto na hakuna atakayesoma, na wiki mbili za mwisho wa Desemba.

Sisi Waislamu tuna jambo la ziada. Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo usinakili mpango wa mwaka jana. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu na Februari 8, kutegemea kuandama kwa mwezi. Fungu la nne nimelilaza humo, na mapumziko yake yanaangukia wiki ya Idd. Mtoto wa miaka sita hafungi, lakini mama anafunga, na mama aliyeamka kula daku si mwalimu mwenye subira. Hizo wiki nne tunasoma nusu: kusoma na hesabu, basi.

Hatua ya 4: Panga saa moja na nusu, uilinde

Anayetoka shuleni hudhani mtoto akae mezani saa sita. Shuleni kuna watoto ishirini na zaidi, foleni ya choo na kugawa vitabu. Mtoto mmoja na mwalimu mmoja hamuhitaji muda huo. Kwetu tunaanza saa tatu: kusoma dakika 20, hesabu dakika 20, uji au tunda, mwandiko na imla dakika 15, halafu mimi ndiye ninayemsomea kitabu mpaka nichoke. Saa nne na nusu meza iko wazi. Kama unafanya zamu ya usiku, anza saa nane mchana, hakuna atakayekuuliza. Muhimu iwe saa ile ile, na simu iwe chumba kingine. Yangu huwa juu ya kabati la nguo.

Tunakaa mezani siku nne kwa wiki. Ya tano ni ya maktaba, bustani ya wanyama, au Galveston. Huko ufukweni ndiko nilikomfundisha wa pili wangu habari ya maji kupwa na kujaa, kwa kulinganisha na kwetu Tanga. Pale Galveston bahari hupanda na kushuka kiasi cha nusu mita tu, hata hauoni. Tukampigia babu yake simu ya video bamvua ilipokuwa imekupwa, mtoto akaona ngalawa zimekaa kwenye mchanga. Aliuliza maswali wiki nzima.

Hatua ya 5: Kusoma, na lugha mbili zinazogongana

Hapa ndipo mpango wa mzazi Mswahili unapotofautiana na wa jirani yake Mmarekani, na ndipo utakapoliona jasho lako.

Kiswahili husomeka kama kinavyoandikwa. Irabu tano, kila moja na sauti yake, haibadiliki. Mtoto akishajua ma, ka, la, ta, ba, jioni ile ile anasoma mama, kaka, kata, lala, baba. Kiingereza hakina huruma hiyo. Wa pili wangu alikuwa ameshashika silabi za Kiswahili vizuri nilipomwekea maneno ya Kiingereza yanayoishia na e bubu, ile isiyotamkwa. Nikaandika "pole", yaani mlingoti. Akasoma "pole", akanitazama kwa huruma, "pole ya nini mama?" Nikaandika "mate", akacheka mpaka akashika tumbo. Nikaandika "same". Akaruka: "Same! Kwa bibi!" Baba yake ni Mpare wa mji wa Same, na kila likizo njia yetu inaishia huko. Hakukosea hata neno moja, alisoma sawasawa, ila kwa lugha nyingine.

Kwa hiyo nilijifunza kuzitenganisha lugha kwa macho na kwa saa. Kadi za Kiingereza ni nyeupe na ni za asubuhi. Kadi za Kiswahili ni za kijani na ni za jioni, dakika kumi baada ya kuoga. Kabla ya kusoma neno mtoto anataja kwanza rangi. Ndani ya mwezi "pole" nyeupe na "pole" ya kijani zikawa maneno mawili.

Mpangilio wangu wa Kiingereza kwa mafungu sita ni huu. Fungu la kwanza, sauti za herufi na maneno ya herufi tatu kama cat na sun. La pili, sh, ch, th. La tatu, konsonanti mbili zinazofuatana, kama stop. La nne, ambalo ni la Ramadhani, hakuna kipya, tunarudia tu. La tano, e bubu. La sita, irabu mbili mbili kama ai na ee. Usimpeleke kwenye e bubu akiwa bado anakisia cat.

Kwa Kiswahili, silabi rahisi mafungu mawili, kisha mwambatano: mb, nd, ny, ng, halafu ng' ya ng'ombe, ambayo watoto wa huku huipenda kwa sababu Kiingereza hakianzi neno nayo. Vitabu vya Kiswahili madukani huku ni adimu kama maji ya kisima Agosti. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, vya darasa la kwanza vikiwamo. Hivyo, na msafiri mwenye nafasi kwenye begi.

Imla usiiache. Maneno matano, mara mbili kwa wiki.

Hatua ya 6: Hesabu kwa vijiti

Mwisho wa darasa la kwanza Texas mtoto anatarajiwa kujumlisha na kutoa hadi 20, na kuzielewa namba hadi 120. Kinachowasumbua wengi ni makumi na mamoja. Mtoto anaambiwa "thirteen", anasikia tatu kwanza, anaandika 31. "Eleven" ndiyo kabisa, haimwambii kitu.

Sisi tuna silaha mdomoni. Kumi na moja. Kumi na mbili. Kumi na tatu. Kumi imetangulia, na ndivyo inavyoandikwa. Nunua vijiti vya kuchokolea meno na mpira wa kufungia, funga mabunda ya kumi kumi. Mtoto anaweka bunda moja na vijiti vitatu, anasema kumi na tatu, anaandika 13, ndipo anaambiwa na jina la Kiingereza. Ukifika ishirini na thelathini majina ya Kiarabu yanaficha tena makumi, basi kwa wiki mbili tatu sema "makumi mawili na nne" kabla ya "ishirini na nne". Bibi yake alimsikia kwenye simu akauliza kama ndicho Kiswahili cha Marekani.

Hatua ya 7: Azimio la kazi, yaani mpango wa masomo ya mwaka, kwa namba

Wiki 36 mara siku nne ni masomo 144. Naandika kadi 130 tu za hesabu na 130 za kusoma, kila kadi ina namba yake na mstari mmoja: "Hesabu 41: kutoa ndani ya 10, vijiti, ukurasa 52." Haina tarehe. Yale 14 yaliyobaki ni ya homa, kimbunga, na siku ambazo mtoto ameamka vibaya. Kimbunga Beryl kilitukuta Julai 2024 tukiwa likizo, lakini msimu wa vimbunga unakwenda hadi Novemba 30, kwa hiyo usiyamalize mapema.

Mtoto akiumwa siku tatu, ilikuwa kadi ya 41, itabaki ya 41. Asipoelewa, kadi hairudi kwenye kopo lake, inakaa mbele mpaka kesho. Na akielewa upesi, ruka mbili. Wa pili wangu alimaliza hesabu mwezi wa nne.

Andalio la somo la kurasa mbili, kama tulivyofundishwa chuo cha ualimu, sikuandikii. Kadi inatosha.

Hatua ya 8: Weka kumbukumbu kidogo

Hata kama jimbo halikuombi, unaweza kuhamia linaloomba. Faili moja: ukurasa wa mahudhurio, orodha ya vitabu alivyosoma, na kila mwezi karatasi moja ya kusoma, moja ya mwandiko, moja ya hesabu. Chukua iliyo na makosa, usiteue nzuri tu. Nyuma yake andika tarehe na alichosema mtoto, kama alisema kitu.

Jumapili usiku natazama kadi tulizoishia, natoa nne nne zinazofuata, nazibana kwa sumaku mlangoni mwa friji. Zile nyingine zinabaki kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, na sizigusi mpaka Jumapili nyingine.