Jinsi ya kuanzisha kitalu cha mikoko na vijana wa maskani

1. Wafuate maskani, vijiweni wanakoshinda. Usiwaite ukumbini. Waliotoka jela na walioacha shule wamechoka kuitwa siku ya usafi, kuvishwa fulana na kupigwa picha, basi. Kaa nao, uliza nani anaijua bahari. Mombasa wengi wamekulia kando ya hori za Tudor na Mwache. Saa za maji kupwa na kujaa wanazijua bila kuangalia popote.

2. Sajilini kikundi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 inataka wanachama wasiopungua 10. Hapa nakusihi usiharakishe. Mwenyekiti, katibu na mwekahazina watoke maskani, na sahihi za benki ziwe zao. Asiye na kitambulisho shughulikieni chake kwanza, mwende naye kwa chifu, maana bila hicho hasajili hata laini ya simu. Kijana asiyeshika daftari la pesa bado ni kibarua tu, hata ukimwita mwanachama.

3. Ombeni ruhusa. Mikoko ya pwani ya Kenya ni hifadhi ya serikali tangu 1932, kwa hiyo piteni ofisi ya misitu na chama cha wanajamii wa msitu huo.

4. Someni ufuo. Kila aina ya mikoko ina mahali pake. Mlilana hukaa mbele, unapigwa na mawimbi. Mkoko wenyewe hufuata kwenye tope. Mchu huvumilia chumvi hadi karibu na nchi kavu. Ulizeni pia kwa nini pamebaki wazi. Kule Mwache mikoko mingi ilikufa baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, udongo ulioletwa na mafuriko ulipofukia mizizi. Pakiwa bado panafukiwa, msipande.

5. Okoteni mbegu. Ya mkoko ni ndefu. Iliyokomaa ina pete ya manjano chini ya tunda. Chomekeni theluthi yake kwenye kopo la tope lililotobolewa chini, mahali maji ya bahari yanapofika.

6. Pesa. Kule Gazi, kijiji cha Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja unauza kaboni, yaani unalipwa kwa hewa ya ukaa ambayo mikoko inaihifadhi, na mapato yake yamesaidia maji na shule za kijiji. Ni kazi ya miaka, basi msiwaahidi vijana kaboni. Uzeni miche kwanza kwa miradi inayopanda. Mwekahazina asome hesabu kwa sauti mbele ya wote, na kila mtu alipwe siku ileile aliyofanya kazi.

7. Mkishapanda, rudini kila bamvua, siku za maji makubwa, maji yakishakupwa. Hesabuni iliyoshika, ng'oeni takataka zilizonasa kwenye miche, pandeni upya penye pengo.