Kabla ya kumwazimisha mtu punda wako

Ombi la punda huja msimu ukiwa umebana. Mwezi wa saba na wa nane mahindi yameshavunwa na yanasubiri kutolewa shambani. Ikifika mwezi wa tisa na wa kumi, maji yamekuwa mbali, na akina mama wa Oldonyosambu na Kisongo, huku Arusha, wanatoka alfajiri na madumu. Anayekuja kuomba naye si mgeni. Ni shemeji, au jirani mnayepakana shamba, au mtu aliyesimama nanyi kwenye msiba. Kumnyima papo kwa papo ni kazi ngumu, kwa hiyo amua mapema, kabla hujabishiwa hodi, ni kwa masharti gani punda wako anaweza kutoka nyumbani, na ni wakati gani hatoki kabisa.

Anza kwa kumuuliza anayeishi na huyo punda. Katika nyumba nyingi za huku kwetu mwenye punda kwa jina ni baba, lakini anayemfunga mzigo, anayejua anapenda kunywea wapi na anaogopa nini, ni mama au mtoto wa kike anayekwenda naye kisimani. Nimeona punda wameazimishwa barazani na mtu asiyeteka maji, halafu kesho yake mama anabeba dumu kichwani. Kama punda anaondoka kwa wiki mbili, maji ya nyumbani yataletwa na nani? Jibu lisipokuwepo, hakuna haja ya kuendelea na maswali mengine.

Linalofuata ndilo ninalolitilia mkazo kuliko yote, na ndilo watu wengi hulipita: huyu punda ana mwenzake? Punda hushikamana na punda mmoja kwa nguvu sana. Utawaona wanalisha pamoja, wanasimama ubavu kwa ubavu kivulini, wanachunana manyoya ya shingo, na mmoja akienda mashineni na mahindi mwingine hulia mpaka arudi. Watenganishe, mmoja apelekwe Monduli, mwingine abaki Ngaramtoni, na wote wawili wanaweza kuacha kula. Hapo hatari si majonzi peke yake. Mwili wa punda asiyekula huanza kuyatoa mafuta yake na kuyaingiza kwenye damu kwa wingi kupita kiasi, na mafuta hayo hulilemea ini na figo. Hali hiyo huweza kumuua ndani ya siku chache, na walio karibu nayo zaidi ni punda wanene, wenye mimba na wanaonyonyesha. Ubaya wake ni kwamba punda hafanyi kelele akiumwa. Anainamisha kichwa, anasimama pembeni, anayanusa majani bila kuyatafuna. Mgeni atasema amechoka tu, au ni mkaidi. Wewe ungejua siku ya kwanza kwamba kuna jambo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba punda wenye urafiki huo wanatoka wote wawili au habanduki mmoja. Kama anayeazima hana malisho wala kazi ya punda wawili, basi kazi iwe ya mchana, na jioni mnyama arudi kwenye boma lake.

Halafu mtazame mnyama mwenyewe, na umtazame kama vile unamnunua leo. Pitisha mkono mgongoni polepole, hasa kwenye nundu ya mabega na pembeni ya uti wa mgongo. Akishtuka au ngozi ikiwa ya moto, kuna kidonda kinachoanza, na kumfunga shogi, kile kifaa cha kubebea mzigo mgongoni, kwa siku moja tu kutakifungua. Inua kila mguu uangalie kwato. Kama ni jike, ulizana na wenzako kama amepandwa. Mimba ya punda huchukua kama mwaka mzima, mara nyingine zaidi, kwa hiyo jike anaweza kuwa na miezi kadhaa bila tumbo kuonekana. Miezi mitatu ya mwisho hafai kubebeshwa mzigo, na akishazaa apewe miezi mingine kama hiyo na mtoto wake. Jike mwenye mtoto anayenyonya haazimishwi, hata kwa ndugu wa damu. Kuhusu sindano ya pepopunda na dawa ya minyoo, mwone afisa mifugo wa kata kabla hajaondoka, maana punda hupata pepopunda upesi na kidonda kidogo cha kwato kinatosha.

Mzigo unataka hesabu, na hesabu hiyo uifanye mbele ya anayeazima. Kwa punda wetu wa kawaida, kilo 50 ni mpaka wa busara. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 na ushei, kwa hiyo madumu mawili ni sawa, lakini manne, ambayo ndiyo tunayaona kila siku barabarani, ni zaidi ya kilo 80. Debe la mahindi linakaribia kilo 18, kwa hiyo debe mbili ni kazi nzuri na tatu, zinazozidi mpaka huo kidogo, ni kazi ya njia fupi iliyo tambarare. Gunia zima la kilo 100 mgongoni mwa punda mmoja ni ukatili, hata kama ameonekana akilibeba. Njia za kushuka kutoka miteremko ya Meru zina mawe na vumbi jepesi linaloteleza, na mnyama aliyelemewa huvunjika hapo. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 nayo inakataza kumtesa mnyama wa kazi, kwa hiyo ukiweka sharti la mzigo huweki sharti la kinyumbani peke yake.

Shogi yake iende naye. Usikubali afungiwe ya mtu mwingine, wala kamba ya nailoni moja kwa moja kwenye ngozi. Gunia lililojazwa majani makavu chini ya mzigo, likaacha nafasi juu ya uti wa mgongo ili uzito ulale ubavuni, linaokoa mgongo kuliko dawa yoyote utakayonunua baadaye.

Sasa mtu. Usimchunguze kwa maneno yake, nenda kwake. Angalia mbwa wake, ng'ombe wake, masikio ya punda aliokuwa nao zamani kama bado wapo. Uliza nani hasa atamswaga, kwa sababu mara nyingi anayeomba ni mzee mpole, lakini anayekwenda njiani ni kijana wa kibarua mwenye fimbo na haraka. Huyo kijana ndiye unayemwazimisha, kwa hiyo umwone. Tazama boma la usiku lina miiba ya kutosha, kwa sababu upande wa Monduli fisi hawana mchezo na punda aliyefungwa mguu hana pa kukimbilia. Tazama na maji: siku ya jua na kazi punda mkubwa anaweza kunywa lita 20 na zaidi, na si haki abebe madumu ya watu wengine kutwa halafu apewe ndoo nusu.

Ukiridhika, andikeni. Watu wanaona aibu kuandikiana na shemeji, lakini undugu haufi kwa daftari. Undugu hufa pale punda anapofia mikononi mwa mtu na kila mmoja anakumbuka makubaliano yake. Ukurasa mmoja unatosha, mbele ya balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji: tarehe ya kuondoka na ya kurudi, kazi gani na mzigo kiasi gani, siku ya mapumziko, nani analipa akiumwa, nani anabeba hasara akiliwa au akiibiwa, na kwamba haazimishwi kwa mtu wa tatu. Kama ni jike, andikeni pia mtoto atakayetungwa huko ni wa nani. Hilo limeshagombanisha watu wengi. Andika alama zake na namba ya hereni ya utambulisho kama anayo. Akivuka kwenda wilaya nyingine, kibali cha kuhamisha mifugo kitafutwe kabla, na kiwe na jina lako kama mwenye mali.

Suala la wizi usilichukulie kijuujuu. Ngozi ya punda inatafutwa kwa ajili ya ejiao, dawa ya Kichina inayotengenezwa kwa kuichemsha ngozi hiyo, na biashara hiyo ilitikisa punda wa Afrika kiasi kwamba Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Makubaliano hayo hayalindi boma lisilo na mlango usiku. Mtu asiyeweza kukuambia punda atalala wapi, mnyime.

Na kunyima kuna njia yake ya heshima. Mimi napenda zaidi kumwambia mtu, "Punda simtoi, lakini kesho asubuhi na keshokutwa nitakuja naye mwenyewe tubebe hayo mahindi." Kazi yake inafanyika, punda anaswagwa na mkono anaoujua, na usiku analala karibu na mwenzake. Mara nyingi mtu alikuwa anahitaji hicho tu.

Akiazimishwa, nenda kamwone ndani ya siku tatu za kwanza, saa ya kula, bila kutoa taarifa. Akila kwa hamu, mwache. Akiwa anasimama tu mbele ya majani, mrudishe nyumbani siku hiyohiyo na umpigie afisa mifugo. Siku ya kurudi, mkague tena mgongo, midomo, miguu na kwato mkiwa wawili, andikeni mlichokiona, kisha mpe siku kadhaa za malisho bila mzigo wowote.